Taunishipu ya Nicodemus

Taunishipu ya Nicodemus ni eneo la utawala wa mitaa katika Kaunti ya Graham, kaskazini-magharibi mwa jimbo la Kansas nchini Marekani. Ni nchi ya mashamba ya ngano na malisho ya ng'ombe kando ya tawi la kusini la mto Solomon. Makazi yake makuu ni kijiji kinachoitwa pia Nicodemus, kilichoanzishwa mwaka 1877 na Wamarekani weusi kutoka Kentucky, wengi wao wakiwa wametoka utumwani miaka 12 tu kabla ya hapo. Kati ya makazi yaliyoanzishwa na Wamarekani weusi magharibi mwa mto Mississippi katika kipindi cha Ujenzi Mpya, yaani miaka iliyofuata Vita ya Wenyewe kwa Wenyewe, Nicodemus ndiyo pekee ambayo bado inakaliwa na watu.

Kijiji hakina hati ya kisheria ya kuwa mji. Hakina meya wala baraza la mji. Serikali yake ya karibu ni taunishipu, ngazi ndogo kabisa ya utawala katika sehemu hiyo ya Marekani, na historia ya Nicodemus haieleweki vizuri bila kujua ngazi hiyo iliweza kufanya nini na ilishindwa nini.

Maana ya taunishipu

Katika Afrika ya Mashariki na ya Kusini neno hili la Kiingereza limezoeleka kwa maana ya mji mdogo au mtaa wa mjini. Katika majimbo ya kati ya Marekani maana yake ni tofauti: ni eneo la mashambani, mara nyingi bila mji wowote ndani yake. Kwa msomaji wa Tanzania, inakaribia zaidi kuwa kata yenye hazina yake yenyewe.

Asili yake ni upimaji wa ardhi. Kwa sheria ya mwaka 1785, serikali ya Marekani iliamua kwamba ardhi ya magharibi ipimwe kwa miraba ya maili 6 kwa maili 6 (takriban kilomita 9.7 kila upande) kabla ya kuuzwa. Kila mraba uligawanywa katika vipande 36 vya maili moja ya mraba, na kila kipande kilikuwa na ekari 640. Robo ya kipande, yaani ekari 160 (takriban hektari 65), ndiyo iliyokuja kuwa shamba la kawaida la mlowezi. Katika Kansas vipande nambari 16 na 36 vya kila mraba vilitengwa ili vigharimie shule.

Mraba huo wa wapima ardhi haukuwa serikali. Taunishipu ya utawala iliundwa baadaye na kaunti, watu walipofika, na mipaka yake inaweza kufuata mraba mmoja au kuunganisha miraba kadhaa. Majina na hesabu za ramani vilikuwepo kabla ya wakazi. Ndiyo maana barabara za Kansas zimenyooka kama mistari ya daftari, hata mahali ambapo bonde au mto ungeshauri vingine.

Ardhi kabla ya 1877

Nyanda hizo hazikuwa tupu. Wapawnee, Wakansa, Wacheyenne na Waarapaho waliwinda nyati katika mabonde ya Solomon kwa vizazi vingi. Katika miaka ya 1860 na 1870 walisukumwa nje kwa mikataba na vita, huku makundi ya nyati yakimalizwa na wawindaji wa ngozi. Kufikia mwaka 1877 ardhi ilihesabiwa kuwa mali ya serikali kuu na ilikuwa wazi kwa walowezi chini ya Sheria ya Makazi ya mwaka 1862. Sheria hiyo ilimpa mkuu wa familia ekari 160 kwa ada ndogo, kwa sharti la kukaa na kulima kwa miaka mitano.

Kansas ilikuwa na mvuto wa pekee kwa watu weusi. Iliingia katika Muungano mwaka 1861 kama jimbo lisilo na utumwa, baada ya miaka ya mapigano ambamo John Brown alipata sifa yake. Hata hivyo sifa hiyo ilikuwa kubwa kuliko ukweli: mwaka 1867 wapiga kura wa Kansas, wote wakiwa wanaume weupe, walikataa kuwapa wanaume weusi haki ya kupiga kura. Haki hiyo ilikuja mwaka 1870 kwa marekebisho ya 15 ya katiba ya nchi.

Kuanzishwa kwa makazi

Mwaka 1877 iliundwa Kampuni ya Mji wa Nicodemus. Rais wake alikuwa W. H. Smith, mchungaji mweusi, na katibu alikuwa Simon Roundtree, naye mchungaji mweusi. Mhazini alikuwa W. R. Hill, mzungu mfanyabiashara wa ardhi kutoka Indiana. Hill alizunguka makanisa ya watu weusi huko Kentucky akisifu ardhi ya Kansas, na matangazo ya kampuni yakaeleza habari za udongo mzuri, maji na hali ya hewa ya kupendeza. Aliyejiandikisha alilipa ada kwa kampuni.

Kuhusu jina kuna maelezo mawili. Wengine hulihusisha na Nikodemo wa Injili ya Yohana, yule aliyemwendea Yesu usiku. Wengine hulihusisha na mtumwa wa masimulizi aliyekuwa mwana wa mfalme Afrika, akajinunulia uhuru wake. Jina lake lilijulikana sana wakati huo kwa sababu ya wimbo wa Henry Clay Work wa mwaka 1864.

Huko Kentucky watu waliokuwa huru kisheria tangu Desemba 1865 bado walifanya kazi katika mashamba ya watu waliokuwa mabwana zao, mara nyingi kwa mikataba iliyowaacha na deni kila mwisho wa msimu, na vikundi vya wazungu wenye silaha viliwatisha wakati wa uchaguzi. Mwaka 1877 ndio ambao majeshi ya serikali kuu yaliacha kulinda serikali za mwisho za Ujenzi Mpya Kusini. Kuondoka kulikuwa na maana.

Walowezi wa kwanza walifika katikati ya mwaka, na mwezi Septemba 1877 likaja kundi la zaidi ya watu 300, wengi wao kutoka eneo la Georgetown na Lexington. Treni iliishia Ellis, mji ulio umbali wa takriban kilomita 55 kusini. Kutoka hapo walitembea.

Majira ya baridi ya kwanza

Walichokikuta hakikufanana na matangazo. Hapakuwa na miti ya kutosha kujengea, na wachache waliotangulia walikuwa wakiishi katika vyumba vilivyochimbwa ardhini, bomba la moshi likitokeza juu ya nyasi. Willianna Hickman, aliyefika na kundi lililofuata katika majira ya kuchipua ya mwaka 1878, alisimulia baadaye kwamba alipoonyeshwa kijiji hakuona kitu ila moshi unaotoka chini, akalia. Kundi lake lilikuwa limekwisha kupoteza watoto kwa surua walipopiga kambi Ellis.

Familia kadhaa zilirudi. Hill, ambaye hasira ya watu ilimwangukia, alilazimika kujificha kwa muda. Waliobaki hawakuwa na mbegu wala wanyama wa kutosha. Palikuwa na farasi wachache mno, na wengi walivunja ardhi ya nyasi nzito kwa jembe la mkono na sepetu. Masimulizi ya kijiji yanasema kundi la Waosage waliokuwa wakirudi kutoka kuwinda liliwapa nyama katika baridi ile. Wajumbe walitumwa mashariki mwa Kansas kuomba chakula na mbegu.

Mwaka 1879 wakazi waliachana na muundo wa kampuni na kuacha kuomba misaada kama kundi moja. Uamuzi huo hutajwa kama jambo la heshima, na bila shaka ulikuwa hivyo, lakini ulikuwa pia wa kisiasa: jamii inayolishwa na kampuni au na kamati ya misaada haina sauti sawa na jamii inayochagua viongozi wake. Kuanzia hapo mambo ya pamoja yalipita zaidi katika makanisa, shule na ofisi za kuchaguliwa.

Shule na ofisi za kwanza

Shule ilitangulia. Jenny Fletcher, mke wa Zachary Fletcher aliyekuwa karani wa posta, alifundisha watoto katika nyumba ya chini ya ardhi. Mwaka 1879 iliundwa Wilaya ya Shule Nambari 1. Wilaya ya shule ilikuwa chombo cha kujitegemea chenye mkutano wake wa mwaka na kodi yake ndogo. Katika Kansas wanawake waliruhusiwa kupiga kura katika mikutano ya shule tangu mwaka 1861, miaka 51 kabla ya kupata kura katika uchaguzi mwingine wote. Kwa hiyo kwa wanawake wa Nicodemus mlango wa kwanza wa siasa ulikuwa shule.

Jambo lingine la sheria ya wakati huo linafaa kujulikana. Mwaka 1879 Kansas iliruhusu miji yake mikubwa kutenganisha watoto weusi na weupe katika shule za msingi. Ruhusa hiyo ndiyo iliyosababisha, miaka mingi baadaye, kesi ya Topeka iliyoamuliwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1954. Wilaya za mashambani hazikupewa ruhusa hiyo.

Mwezi Aprili 1880 gavana John P. St. John alitangaza kuundwa kwa Kaunti ya Graham. Karani wa muda wa kaunti alikuwa Edward P. McCabe, kijana mweusi aliyezaliwa Troy, New York, mwaka 1850, aliyefanya kazi za ofisini Chicago na kufika Nicodemus mwaka 1878. Mwaka uliofuata alichaguliwa kushika kazi hiyo, katika kaunti ambayo wengi wa wakazi wake walikuwa wazungu. Mwaka 1882 alichaguliwa kuwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo zima, akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kushika ofisi ya jimbo Kansas, na alichaguliwa tena mwaka 1884. Baadaye alihamia Oklahoma, ambako alishiriki kuanzisha mji wa Langston.

Katika ngazi ya taunishipu ofisi zilikuwa ndogo zaidi, lakini ziligusa maisha ya kila siku. Mdhamini wa taunishipu alikadiria thamani ya mali kwa ajili ya kodi na kuwasimamia maskini waliohitaji kusaidiwa kwa fedha za umma. Karani alitunza kumbukumbu, mhazini alitunza fedha, na wasimamizi wa barabara waliwaita wanaume kufanya kazi ya barabara siku chache kila mwaka au kulipa badala yake. Palikuwa pia na waamuzi wa amani waliosikiliza kesi ndogo, na konstebo. Mtu ambaye miaka 15 kabla hakuruhusiwa kutoa ushahidi dhidi ya mzungu sasa aliweza kukadiria kodi ya jirani yake mzungu.

Hazina yenyewe ilikuwa nyembamba. Ardhi iliyochukuliwa chini ya Sheria ya Makazi ilibaki mali ya serikali kuu mpaka mlowezi apate hati yake, na kabla ya hapo haikutozwa kodi ya ardhi. Kodi za miaka ya mwanzo ziliangukia mifugo na vyombo, na walowezi hawakuwa na vingi.

Kura ya reli

Katikati ya miaka ya 1880 mvua zilikuwa nzuri na kijiji kikakua. Kulikuwa na maduka, hoteli, benki, makanisa na magazeti mawili: Western Cyclone lililoanza mwaka 1886 na Nicodemus Enterprise lililoanza mwaka 1887. Wazungu kadhaa walifungua biashara hapo pia. Kilichokosekana ni reli, na kila mtu alijua kwamba katika nyanda hizo mji usio na kituo cha treni hauna muda mrefu.

Sheria ya Kansas iliruhusu taunishipu kusaidia kampuni ya reli kwa kutoa hatifungani, yaani kukopa fedha na kulipa deni kwa kodi ya wakazi kwa miaka mingi, endapo wapiga kura wangekubali. Mwaka 1887 wapiga kura wa taunishipu ya Nicodemus waliidhinisha hatifungani za dola 16,000 ili kuivuta kampuni ya Missouri Pacific. Kwa watu waliokuwa bado na nyumba za udongo hicho kilikuwa kiasi kikubwa sana. Dhamana ya deni ilikuwa mashamba ambayo wengi walikuwa ndiyo kwanza wanapata hati zake.

Missouri Pacific haikuja. Mwaka 1888 kampuni nyingine, Union Pacific, ilijenga njia yake upande wa kusini wa mto, kilomita kama 10 kutoka kijijini. Kambi ya wajenzi wa reli upande huo ikawa mji wa Bogue. Wenye maduka walihamisha bidhaa zao, na baadhi walibeba hata majengo yenyewe kuvuka mto. Magazeti yalifungwa.

Mara nyingi tukio hili huelezwa kama bahati mbaya. Lakini lilionyesha pia mpaka wa madaraka ya taunishipu: iliweza kujitoza kodi ili kumvutia mwenye reli, ila haikuwa na njia ya kumlazimisha, na ilishindana na kila kijiji kingine kilichokuwa na uwezo wa kukopa. Vijiji vingi vya wazungu katika Kansas vilikufa kwa namna hiyohiyo. Tofauti ni kwamba watu wa Nicodemus walikuwa na sehemu chache zaidi za kwenda.

Karne ya 20

Wakulima walibaki, biashara zilipoondoka. Kanisa la Kibaptisti lilijenga jengo jipya la mawe ya chokaa mwaka 1907, na shule mpya ilijengwa mwaka 1918. Kila mwaka, karibu na tarehe 1 Agosti, watu walikutana kusherehekea ukombozi. Tarehe hiyo inahusu mwisho wa utumwa katika visiwa vya Karibi vilivyotawaliwa na Uingereza mwaka 1834, na jamii nyingi za watu weusi Marekani zilikuwa zimeizoea.

Ukame na vumbi la miaka ya 1930, pamoja na bei mbaya za ngano, viliondoa familia nyingi. Katikati ya shida hiyo ndipo taunishipu ilipopata jengo lake. Mwaka 1939, chini ya mpango wa ajira za umma wa serikali ya rais Franklin D. Roosevelt, Ukumbi wa Taunishipu ya Nicodemus ulijengwa kwa mawe ya chokaa ya hukohuko. Mpango ulilipa mishahara, na wanaume wa kijiji wakapata kazi bila kuhama. Ukumbi ulitumika kwa mikutano, uchaguzi, dansi na karamu za sherehe za Agosti.

Hata hivyo kupungua kuliendelea. Ofisi ya posta ilifungwa mwaka 1953, na shule nayo ilifungwa baadaye kwa kukosa watoto. Mashine kubwa za kilimo zilimaanisha kwamba mtu mmoja analima eneo lililokuwa la familia kumi, na hilo halikuwapata watu wa Nicodemus peke yao. Miongoni mwa waliokulia hapo ni Veryl Switzer, aliyezaliwa mwaka 1932, aliyechezea timu ya Green Bay Packers katika ligi kuu ya mpira wa Kimarekani tangu mwaka 1954.

Utawala

Taunishipu za Kansas zinaongozwa na bodi ya watu watatu: mdhamini, karani na mhazini. Wanachaguliwa na wakazi na kwa pamoja wanapanga bajeti ya mwaka, ambayo lazima itangazwe na kujadiliwa hadharani kabla kodi haijapangwa. Kodi hutozwa kwa thamani ya ardhi na majengo, na hukusanywa na kaunti kwa niaba ya taunishipu.

Kazi za bodi zimepungua sana tangu siku za McCabe. Ukadiriaji wa mali umekwenda kwa mtaalamu wa kaunti, maskini wanasaidiwa na jimbo na serikali kuu, waamuzi wa amani hawapo tena, na katika sehemu kubwa ya Kansas hata barabara zimechukuliwa na kaunti. Zinazobaki hutegemea mahali: makaburi, zimamoto, kumbi za mikutano. Makamishna wa Kaunti ya Graham hukutana Hill City, mji uliopewa jina la W. R. Hill yuleyule, ambao ulishinda ugomvi wa makao makuu ya kaunti mwaka 1888.

Kila mara huibuka hoja kwamba taunishipu zenye watu wachache namna hii zifutwe na kaunti ichukue kila kitu. Wanaopendelea hilo huhesabu gharama. Wanaopinga husema kwamba kaunti yenye makamishna wachache haitakumbuka kijiji kisicho na kura nyingi. Kwa Nicodemus hoja ya pili ina uzito wake, kwa sababu jengo muhimu zaidi la kijiji ni mali ya taunishipu.

Hali ya sasa

Mwaka 1976 Nicodemus ilitangazwa kuwa alama ya kihistoria ya kitaifa, na mwezi Novemba 1996 bunge la Marekani liliifanya kuwa eneo la kihistoria chini ya Huduma ya Hifadhi za Taifa. Majengo matano yanatajwa: kanisa la Kibaptisti, kanisa la Kimethodisti la watu weusi, hoteli ya zamani ya St. Francis, shule ya mwaka 1918 na Ukumbi wa Taunishipu. Wageni hupokelewa katika ukumbi huo, ambao Huduma ya Hifadhi huukodisha kutoka kwa taunishipu. Hivyo serikali kuu, iliyogawa ardhi hii mwaka 1877, sasa ni mpangaji wa serikali ndogo kabisa ya mahali hapo.

Wakazi wa taunishipu nzima hawafiki 100, na katika kijiji chenyewe ni wachache sana, wengi wao wazee. Wazawa wa walowezi wa kwanza wapo Denver, Topeka, Los Angeles na kwingineko. Baadhi bado wanamiliki ardhi na kuikodisha kwa wakulima, wengine wanalima wenyewe. Katika miaka ya 2000 wakulima weusi wa eneo hilo walijaribu kulima tefu, nafaka ya Ethiopia inayopikiwa injera, ili kuwauzia Waethiopia na Waeritrea wanaoishi Marekani. Sherehe ya ukombozi hufanyika sasa mwishoni mwa juma la mwisho la Julai, na kwa siku chache mamia ya watu hurudi kijijini.